Ijumaa Ishirini na Nne

Jumatatu, 4 Machi 1974

Mzee Erinayo amesema niandike kila siku, tarehe juu, hata kama sina la kusema. Alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita. Sasa amestaafu, ana taipu yake kwenye baraza ya nyumba kule Lubaga, na anasema ameona watu wengi wenye haki wakishindwa kwa sababu tu walisahau siku. Basi nimenunua daftari hili.

Mimi ni Maimunah, dobi wa Bwaise, mzaliwa wa Kibra ya Nairobi, mjane wa Dawudi aliyekuwa dereva wa polisi Naguru. Na nimeshtakiwa.

Karatasi ililetwa Jumamosi na mtu wa baiskeli. Inasema ninadaiwa shilingi mia tisa na sitini, gharama za kumtibu marehemu mume wangu, na mdai ni Bwana Tarcisio, mwenye kliniki ya barabara ya Bombo. Nijibu katika siku kumi na tano, la sivyo mali yangu itauzwa. Mali yenyewe ni matangi mawili, pasi tatu za makaa, na chumba cha mabati alichonijengea Dawudi cha kukaushia nguo kwa majiko wakati wa mvua.

Nilicheka. Halafu nikakaa. Halafu nikacheka tena, maana deni hilo nimelilipa lote.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Mashati kumi na nane ya ofisi ya posta. Sabuni haionekani madukani.

Jumatano, 6 Machi

Nimeshinda Lubaga kwa Mzee Erinayo. Nilimsimulia yote, naye akachapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa.

Kliniki hiyo zamani ilikuwa ya Daktari Jivraji, Mhindi. Dawudi alilazwa pale wiki tano, ini likamshinda, akafa Aprili ya mwaka sabini na mbili. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijainuliwa pale nyumbani, sheikh aliuliza kama inavyoulizwa kwetu: nani anamdai marehemu? Daktari alikuwapo, viatu vyake vizuri vimezama kwenye tope, na hakufungua mdomo. Mimi ndiye niliyemtuma mdogo wangu Abubaker akaseme mbele ya watu kwamba deni la kliniki si la Dawudi tena, ni la Maimunah. Mtu haendi mbele ya Mola wake na deni shingoni kama kuna mke mwenye mikono miwili.

Nikakubaliana na daktari nimfulie mashuka ya kliniki kila Ijumaa, kila furushi shilingi arobaini, mpaka deni liishe. Ijumaa ishirini na nne.

"Aliandika wapi?" Mzee Erinayo aliuliza.

"Hakuandika. Tulishona."

Alivua miwani. Nikamweleza kazi yetu. Kila mteja wa dobi ana alama yake ya uzi. Ya kliniki ni msalaba wa buluu. Furushi zima linafungwa ndani ya shuka moja kubwa, na kwenye upindo wa shuka hilo nilikuwa naweka mshono mmoja mwekundu kila Ijumaa. Nesi Akwero akishahesabu na kuridhika, anaukata ule wangu kwa kupitisha mshono mweupe juu yake. Usiokatwa haujapokelewa.

"Sasa hiyo shuka iko wapi, nnyabo?" Ndivyo Waganda wanavyosema "mama".

"Nililifungia furushi la mwisho, nikarudisha."

"Uliludisha? Kalatasi yako ya ushahidi, wewe mwenyewe uliludisha?"

"Mzee, dobi akikaa na shuka la mteja ni mwizi."

Alitikisa kichwa mpaka nikamwonea huruma. Daktari aliondoka Oktoba ya mwaka ule ule, pamoja na Wahindi wenzake wote waliofukuzwa na serikali, na kliniki akapewa huyu Tarcisio, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya jeshi. Akakuta kitabu kikubwa cha madeni, jina la Dawudi halijafutwa. Daktari hakuwa mtu wa kufuta. Alikuwa mtu wa kukumbuka.

Jumatano, 13 Machi

Jibu limepelekwa mahakamani, limepigwa mhuri. Mzee hataki pesa. Nitamfulia kanzu zake maisha yake yote. Wamezikwa wengi niliowafulia, lakini huyu naona atanizika mimi.

Jumatano, 20 Machi

Kesi itasikilizwa tarehe 5 Juni. Mvua.

Jumapili, 24 Machi

Majirani wameanza. Mama mmoja bombani, sauti ya chini inayosikika mpaka Kawempe, anasema Dawudi amelala na deni. Nilijaza debe langu mpaka juu, taratibu, nikamwambia tarehe tano Juni aje mahakamani na kiti chake. Lakini nilipofika nyumbani niliona uchungu. Mali wakiichukua nitaanza upya. Hili la Dawudi ndilo siwezi kuliacha.

Ijumaa, 29 Machi

Leo nusura niangushe pasi mguuni. Nesi Akwero amesimama mlangoni kwangu, mwavuli umevunjika, nyuma yake mtu wa mkokoteni na furushi.

"Mama, mashuka haikauki huko kwetu. Wiki mbili sasa, inanuka. Bwana Tarcisio amesema tafuta dobi ya moto."

"Anajua dobi huyo ni nani?"

"Hakuuliza jina."

Aliangalia chini wakati wote. Huyu Akwero sikumpenda tangu zamani. Mwacholi mrefu, anatembea utadhani barabara ni yake, na baada ya yale mafurushi yote hajawahi kukanyaga hapa hata kunipa pole. Nilimtajia bei ya mvua, ambayo ni mara mbili ya kawaida, kwa furaha kubwa.

Jumamosi, 30 Machi

Lipo!

Shuka lile lilikuwa katikati ya furushi, limekunjwa mara nne. Rangi imepauka, upande mmoja umechanika, lakini upindo mzima. Nimekaa nalo mapajani kwenye chumba cha majiko, nikihesabu kwa kidole. Nyekundu ishirini na nne. Nyeupe ishirini na tatu. Ule wa mwisho, wa Ijumaa tarehe 29 Septemba, uko peke yake. Nakumbuka siku ile Akwero hakuwapo, nikaacha furushi kwa mlinzi wa lango. Nilichukia. Nesi mzima anatoroka kazi.

Jumatatu, 1 Aprili

Nilikwenda Lubaga mbio, shuka nimelivaa kiunoni chini ya gauni la gomesi. Mzee Erinayo alilishika kama anashika mtoto mchanga. Halafu akanikunjia vizuri, akanirudishia.

"Ludisha."

"Nini?"

"Ludisha kwao, nnyabo. Ukileta wewe mwenyewe kotini, watasema umeshona jana na sindano yako. Lazima itoke kwa mkono yao."

"Na wakilichana?"

"Hawajui ni nini. Wewe fua, piga pasi, ludisha. Na funga mdomo. Lakini hiyo ya mwisho haina nyeupe, hiyo itatusumbua."

Nilimwambia uzee umeanza kumla. Njia nzima ya kurudi nilibishana naye ndani ya kichwa changu, na kila mara alinishinda.

Jumanne, 2 Aprili

Nimelirudisha. Nililipiga pasi vizuri kuliko kanzu ya Idi.

Ijumaa, 5 Aprili

Limekuja tena. Nimelifua, nimelihesabu.

Jumanne, 9 Aprili

Limerudi kwao.

Ijumaa, 12 Aprili

Ijumaa Kuu ya Wakristo, lakini Akwero ameleta furushi asubuhi kabla ya kanisa. Shuka limo. Leo alisema "habari ya asubuhi" kwanza, mimi nikaitikia. Ni mwanzo.

Ijumaa, 19 Aprili

Mafuriko. Maji yaliingia Bwaise saa tisa alasiri kutoka kwenye mfereji, yakafika magotini. Furushi la kliniki lilikuwa limeletwa asubuhi. Niliacha godoro langu, niliacha unga, nikapandisha mashuka yao juu ya mabati ya chumba cha majiko, nikakaa juu yake na mwavuli wa Akwero uliovunjika, ambao alisahau. Jirani yangu alipita na kuku kichwani akanicheka. Nikamwambia kila mtu anaokoa mali yake. Yeye hakujua kwamba nasema kweli.

Godoro limekufa. Shuka halijaguswa na tone.

Jumapili, 21 Aprili

Abubaker amekuja na gari, na vijana wawili waliobaki ndani ya gari wakinitazama kupitia kioo. Siku hizi ni sajenti. Nilimlea mimi baada ya mama kufa, nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Ameniletea godoro jipya na kilo tatu za sukari, ambayo Kampala nzima haina.

"Dada, nasikia iko mtu nasumbua wewe kotini."

"Hakuna anayenisumbua. Ninasumbuana naye."

"Nipe jina tu. Kesho kesi imekwisha."

Alilisema kwa upendo. Hilo ndilo lililonitisha. Nikamwambia anywe chai.

Ameacha nguo zake nifue kama kawaida. Ndani ya magwanda kulikuwa na shati la raia, jembamba, la mtu asiyefika nusu ya upana wa mdogo wangu, na kolani kulikuwa na doa. Mimi nimefua miaka kumi na minane. Mafuta nayajua, wino naujua, mchuzi naujua. Hapa siandiki zaidi.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimerudisha nguo zote za Abubaker kwa mtu wake, hazijafuliwa, pamoja na sukari. Godoro nimempa mama wa bombani. Nimelala kwenye mkeka, na nimelala vizuri.

Ijumaa, 26 Aprili

Shuka limo. Akwero ameniambia kliniki bandeji zimeisha, bwana ameamuru mashuka ya zamani yachanwe vipande. Alisema akinitazama machoni, kwa mara ya kwanza. Nikajibu kwamba ya zamani ndiyo yenye pamba nzuri, ni dhambi kuyachana. Akasema, "Ndiyo mama, najua."

Anajua!

Ijumaa, 3 Mei

Shuka limo.

Ijumaa, 10 Mei

Halimo. Nimepekua furushi mara tatu, nimepekua foronya. Akwero hakuja, aliyeleta ni mtu wa mkokoteni.

Jumamosi, 11 Mei

Mzee Erinayo anasema nitulie. Nimemwambia kutulia ni kazi ya waliostaafu.

Ijumaa, 17 Mei

Halimo. Wala Akwero.

Ijumaa, 24 Mei

Halimo. Naona kila mtu barabarani mwenye bandeji. Leo kuna mzee alipita na mguu umefungwa, nikamfuata hatua ishirini nikitafuta uzi mwekundu, mpaka akageuka kuuliza ninataka nini.

Jumapili, 26 Mei

Bwana Tarcisio amekuja mwenyewe, kwa miguu, amelowa chapachapa. Nilikuwa nimemchora kichwani kama mtu mnene mwenye pete. Ni mtu mdogo, mashavu yameingia ndani, viatu vimepasuka. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama, nimesikia wewe dada ya Sajenti Abubaker."

"Ni mdogo wangu."

"Mimi sikujua, mama. Mungu ananiona. Kama ningejua singeshtaki. Mimi nafuta kesi. Kesho asubuhi nafuta."

Nilimpa kigoda na chai ya rangi bila sukari. Akaeleza. Alipopewa kliniki, wakubwa waliandika kila kitu kilichomo kama mali aliyopewa: vitanda, mizani, hata yale madeni ya kitabuni. Sasa wanamwambia alipe thamani yake yote.

"Mimi dresa tu. Najua kuosha kidonda. Hao watu wanasema pesa iko kwa kitabu, toa kwa kitabu."

Miezi mitatu nimemlaani mtu huyu kila nikipuliza makaa. Leo nilimwona ni mtu aliyefungiwa chumba kimoja na chui, akaona mlango mdogo, na mlango huo ulikuwa mimi. Nilimwonea huruma, na niliona aibu kwamba mtu ananiogopa kwa ajili ya mtoto niliyemfunga kamba za viatu.

Lakini nilisema hapana.

"Usifute kesi. Ukifuta kwa hofu, jina la Dawudi linabaki kitabuni. Njoo siku hiyo, lete kitabu, na mimi nije. Tuone."

"Na sajenti?"

"Sajenti mwachie mimi."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aingie mtoni kwa sababu mamba ameshiba. Lakini chai aliimaliza.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda kwa Abubaker kabla hajaja yeye. Ameshalijua jina. Alikuwa ameshalitamka kwa wenzake.

Sikumsihi, maana wanaomsihi ni wengi na amezoea. Nilimwambia hivi: "Siku ya mazishi ya Dawudi, nani alisimama kusema deni ni la Maimunah? Ni wewe, kwa ulimi wako, mbele ya sheikh. Sasa mwenye kudai ni huyu Tarcisio. Akipotea, nani atalifuta? Deni linakaa mpaka Kiyama, na aliyelifanya likae ni wewe. Dawudi alikununulia baiskeli yako ya kwanza."

Akawasha sigara, akaizima. Akasema, "Walahi, dada, wewe ni mgumu."

"Apa vizuri."

Akaapa hatamgusa, mkono juu ya kichwa changu. Akaniuliza kwa nini simfulii tena nguo. Nikamwambia anajua. Hakuuliza mara ya pili.

Jumanne, 4 Juni

Nimepiga pasi gomesi yangu ya kijani mara mbili. Sina shuka, sina karatasi. Kesho nitasema kweli kwa sauti kubwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi saa kumi. Naandika yote, kama nilivyoambiwa.

Mama wa bombani alikuja kweli, na kiti. Mzee Erinayo alikaa nyuma yangu. Hakimu ni mtu mwembamba mwenye kikohozi, anauliza kwa Kiingereza, karani anageuza Kiswahili. Tarcisio alitoa kitabu, akaonyesha jina na zile mia tisa na sitini. Sauti yake haikusikika, hakimu akamwambia arudie.

Kisha mimi.

"Umelipa?"

"Nimelipa, mheshimiwa. Kwa mikono hii."

"Risiti?"

"Iko kwa mdai mwenyewe."

Watu wakacheka. Nikaeleza nyuzi, nyekundu na nyeupe, Ijumaa moja moja. Nikaomba atumwe mtu kliniki wakati ule ule, kabla mdai hajatoka kwenye benchi, alete shuka kubwa lenye msalaba wa buluu na nyuzi kwenye upindo. Tarcisio alishangaa kweli, mdomo wazi. Hakimu akatuma karani mmoja na askari.

Walikaa saa nzima. Kwa nje nilikaa wima kama mke wa gavana. Ndani nilikuwa nahesabu bandeji. Nilijiambia, Maimunah, leo mdomo wako utakuaibisha mbele ya kiti cha mama yule.

Mlango ukafunguka, akaingia Akwero na sare yake nyeupe. Mkononi alikuwa na shuka, limekunjwa mara nne, kama ninavyokunja mimi.

"Lilikuwa wapi?"

"Kwa kitanda ya ofisi ya bwana. Wiki nne. Hapo hakuna mtu anaweza kulichana."

Tarcisio alikuwa akilikalia kila mchana! Hata hakimu alikohoa kikohozi kingine.

Alihesabu kwa ncha ya penseli. Ishirini na nne nyekundu. Akarudia nyeupe mara mbili. "Huu wa mwisho haukukatwa. Kwa nini?"

Akwero hakuinamisha kichwa.

"Hiyo Ijumaa sikuwa kazini, mheshimiwa. Nilikuwa natafuta mume yangu."

"Alikuwa wapi?" Hakimu aliuliza, na nilimwona anajuta kabla hajafunga mdomo.

"Nilitafuta kila mahali. Mpaka leo sijampata."

Mvua ilisikika juu ya bati. Karani aligeuza maneno yale kwa sauti ndogo, ingawa kila mtu alikuwa ameelewa. Hakimu akaweka kalamu chini, na sentensi ile hakuiandika. Nadhani alimsaidia hivyo, ili maneno yale yasimfuate.

"Furushi ulilipokea?"

"Jumatatu yake. Shuka ishirini, foronya kumi na mbili. Zote safi. Nilisahau kushona."

Hakimu akasema deni limelipwa, madai yametupwa, jina lifutwe. Tarcisio akaomba rula ya karani, akafuta jina la Dawudi mwenyewe, mbele ya watu, kwa mstari mmoja ulionyooka. Mama wa bombani alipiga kigelegele, akaonywa.

Nililia, sioni haya kuandika. Lakini si kwa Dawudi peke yake. Miaka miwili nilikuwa nimemwita yule mwanamke mtoro na mwenye maringo. Nilihesabu Ijumaa zangu zote, na ya kwake sikuuliza hata moja.

Alhamisi, 6 Juni

Jua!

Ijumaa, 14 Juni

Akwero ameleta furushi, na shuka liko juu kabisa. Tarcisio bado anatuma, analipa bei ya kawaida, na wakubwa wake wamempa muda hadi Desemba. Sijui itakuwaje kwake.

Nilimwekea Akwero kigoda. Alitoa sindano kwenye mfuko wa sare, ilikuwa tayari na uzi mweupe, akavuta upindo, akaukata ule mshono wa ishirini na nne. Akang'ata uzi. Sikumshukuru. Nilimuuliza jina la mume wake.

"Olanya," alisema.

Akanisimulia mpaka pasi zote tatu zikapoa. Nilimuuliza kama naweza kuandika. Alifikiri kidogo, akasema niandike, na tarehe.

Olanya, mume wa Akwero, fundi wa redio. Alitoka nyumbani kwake Naguru asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Septemba 1972, amevaa shati la buluu lenye kifungo kimoja cheusi ambacho mkewe alikishona jana yake. Hajarudi.